Kinakauka, Alhamdulillah

Mtoni, Temeke
25 Februari 2024

Dada Manal,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada.

Huku hatujambo. Mama mkwe anakusalimu. Goti linamsumbua ila anakataa kusali amekaa. Duka la vifaa vya ujenzi limefunguliwa tangu juzi. Mwinjuma, yule dereva wa kenta yetu, ndiye anayesimamia kila kitu sasa, na ndiye atakayekupa barua hii. Kila baada ya wiki mbili anakuja huko Wazo kupakia saruji. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Najua utacheka. Siku hizi nani anaandika barua? Simu nimempa mama mkwe aifungie kabatini mpaka nitoke eda. Leo siku ya ishirini, bado miezi mitatu na ushei. Majirani wanadhani ni desturi ya nyumba hii kumnyang'anya mjane simu. Hapana, nimeitoa mwenyewe. Sitaki kusikia sauti yangu.

Dada, ile siku ya tatu ya msiba ulinivuta chumbani ukanishika mkono ukaniambia, "Samiha, mdomo wako huo. Neno huumba." Sikukasirika. Naandika ili ujue sikukasirika. Ni kweli nilisema. Abdulsamad alikuwa anaegemeza ngazi ukutani apande juu ya paa kutazama tangi la maji, mie nikamwambia mbele ya mama yake na mbele ya Mwinjuma: "Haya panda, uanguke, ufe, uniache na mifuko yako ya saruji." Nikaingia jikoni. Chai ilikuwa haijachemka alipoanguka.

Unanijua. Tangu utotoni nilikuwaga mtu wa kuona shimo kabla sijaona njia. Mvua ikitanda nasema nyumba itaingia maji, mtu akikohoa nasema kifua kikuu. Mlikuwa mnanicheka. Sasa hakuna anayecheka, wala hakuna anayesema kitu. Nimeapa, dada. Neno baya halitatoka tena kinywani mwangu, kwa mtu yeyote. Kalamu nadhani haiui.

Sijalia hata mara moja. Wageni wanasema, "Mashallah, ana subira." Si subira. Nakaa tu, kama mtu aliyechukua namba ya foleni akasahau amekuja kufuata nini. Chakula nakula. Usingizi napata. Sisikii kitu.

Kidole chako je? Siku ya hitima nilikuona unachechemea, umekanyagia kisigino.

Mdogo wako,
Samiha


Wazo
9 Machi 2024

Mdogo wangu mpenzi Samiha,

Waalaykumu salaam, na marhaba mara mia. Nimecheka mpaka Jovina katoka chumbani kuuliza kuna nini. (Jovina ni mpangaji wangu, yule mwalimu Mhaya, mlionana msibani, alikuja na sufuria ya ndizi.) Barua ya kalamu! Bibiye, unataka kututia kwenye jumba la makumbusho?

Nawaf mwanangu mzima, huko Muscat wamempandisha cheo. Nilimwambia tangu mwanzo, mwanangu jione juu, utafika juu. Na kafika. Vumbi la huku ni lile lile, nikifuta dirisha asubuhi mchana naandika jina langu kwa kidole. Lakini nyumba ni yangu, namshukuru Mungu.

Sasa nisikilize kama dada yako. Sikukwambia lile neno ili ukajifungie. Nilikwambia ujifunze. Akili ni shamba, ukipanda mbigili usitegemee mchicha. Kila asubuhi simama mbele ya kioo utamke mambo matatu mazuri kuhusu nafsi yako, kwa sauti, kabla hujamsemesha mtu. Mie huu mwaka wa tatu tangu niende ile semina, na wewe shahidi: umeniona nikinuna? Kikundi chetu cha Kauli Njema kwenye simu sasa tumefika wanawake mia moja na kumi na nne. Sheria yetu ni moja tu. Ukiandika "naumwa" unaondolewa siku tatu. Tunaandika "napona". Ukiwa na homa, napona. Ukiwa na mgongo, napona. Usicheke, inafanya kazi.

Kidole kinakauka, alhamdulillah. Kiatu kilinichubua tu, basi watu wakafanya habari. Hakiumi hata chembe, na kisichouma kimeshapona nusu. Wala sitaki tukizungumze, kidonda kikisemwa sana kinajiona mtu.

Nitakuja kukuona kabla ya Ramadhani, inshallah. Nitakuletea kashata.

Dada yako,
Manal


Mtoni
21 Machi 2024

Dada Manal,

Shikamoo. Ramadhani karim. Leo chungu cha kumi cha mfungo, nadhani kashata umezila mwenyewe.

Mama mkwe anafunga pamoja na dawa zake, hakuna wa kumwambia. Napika futari, watu wanasema tamu. Mie sijui, mihogo na tambi vyote naona vina ladha moja.

Kioo nimejaribu. Nilisimama nikasema, "Mie mzima. Mie nina nguvu. Mie napendwa." Nikangoja. Nikaona kijasho kwenye mdomo wa juu, nikaenda kuosha vyombo. Labda nilikosea mpangilio.

Kuna jambo la kuchekesha. Barua yako ilifika inanuka udi mpaka mama mkwe kaja kutoka chumbani kwake akiwa anavuta pua. Kasema, "Mjane wa eda na manukato wapi na wapi?" Nikamwonesha kuwa ni karatasi, si mie. Kaichukua kaianika kambani uani na vibanio viwili, katikati ya soksi za Mwinjuma. Nimeisoma baada ya siku mbili, na bado ilinukia. Nakuomba usifukize karatasi.

Ngazi bado imelala uani. Hakuna anayeigusa. Kipandio cha nne kimevunjika katikati.

Nilikuwa nimeandika kitu kingine hapa kuhusu mguu wako. Nimekifuta. Nimeapa, na kiapo ni kiapo.

Samiha


Wazo
12 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Idi mubarak! Kila mwaka na mafanikio. Natumai mlikula pilau la haja na si lile lako la chumvi ya mahesabu.

Sikuja, najua. Mvua hii ya masika umeiona mwenyewe, barabara ya kwetu imekuwa mto, mtu wa umri wangu akateleze matopeni kwa ajili gani? Lakini moyoni nilikuwa na nyie. Nilivaa, nikakaa sebuleni, nikapokea wageni kama kawaida. Siku hizi kitanda changu nimekihamishia sebuleni, kuna upepo mzuri kuliko chumbani. Jovina ananisaidia kwenda sokoni kwa sababu anapenda kutembea. Nasalia kitini na naona nasali kwa utulivu zaidi. Unaona? Ukiamua kutazama kheri, kila kitu kina kheri yake.

Nimempa Mwinjuma mfuko wako. Ndani mna halua, ya mama mkwe hiyo usiiguse peke yako, na vile viatu vya ngozi ya kahawia alivyoniletea Nawaf. Ulivitolea macho tangu siku ya kwanza. Mie nimevichoka, siku hizi napenda kandambili pana, miguu ipumue. Nimevizungushia mtandio wangu wa zamani visichubuke. Vivae siku ya kutoka eda, utoke kama bibi harusi, shari yote uiache nyuma ya mlango.

Udi sifukizi karatasi, mama. Nafukiza nyumba. Harufu nzuri huita malaika.

Kidonda kinakauka, alhamdulillah. Kimehama kidogo kutoka kidoleni, lakini kinakauka.

Manal


Mtoni
24 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Huku mvua tu. Maji yaliingia dukani tukapoteza mifuko kumi na mbili ya saruji, imeganda imekuwa mawe. Zamani ningekuwa nimeshatabiri hilo tangu Februari. Safari hii niliona mawingu nikanyamaza, na maji yakaingia vilevile.

Halua mama mkwe kaimaliza. Viatu nimevipokea, ahsante. Nimeviweka chini ya kitanda na mfuko wake, sijafungua. Siku ya kutoka eda iko mbali na sioni nitakwenda wapi.

Mwinjuma si mtu wa maneno mengi, lakini juzi alikaa barazani akasema, "Dada yako kanipokea amekaa kwenye kiti, hakunyanyuka. Na ndani moshi wa udi, saa nne asubuhi. Nilidhani kuna maiti." Akaona uso wangu akaomba msamaha.

Unakumbuka chumba cha mama, mwaka ule? Bi mkubwa alikuwa hatoki, na chetezo hakizimi, asubuhi, mchana, magharibi. Sie tulidhani anapenda udi. Na wewe ulinambia mwaka juzi, kwa mdomo wako, kwamba daktari wa zahanati alikupima sukari akakuta nawe unayo kama mama, ukacheka ukasema umemrudishia daktari sukari yake.

Basi. Sisemi zaidi. Nimeandika nilichokumbuka tu, kukumbuka si kutabiri. Nakuomba uniambie hali ya mguu wako, kwa maneno ya kawaida.

Kuhusu ngazi. Kile kipandio cha nne kilikuwa na ufa. Niliuona Desemba wakati natundika kamba ya nguo. Sijui kwa nini nakwambia.

Samiha


Wazo
4 Mei 2024

Samiha,

Nimepokea barua yako na imeniharibia siku mbili.

Mama alikufa kwa woga. Mie ndiye niliyemuuguza, wewe alipolazwa ulikuwa Tanga kwa shangazi, usinisimulie. Aliingia hospitali na miguu miwili akatoka na mmoja, akahesabu siku arobaini akaondoka. Alipoanza kusema "mie mgonjwa" ndipo alipokuwa mgonjwa. Kabla ya hapo alikuwa anapika, anacheka, anasuka ukili wa mikeka. Nililiona kwa macho yangu. Kwa hiyo usiniletee.

Umetaka maneno ya kawaida, haya. Kinakauka. Rangi imekuwa nyeusi, na cheusi ndicho kikavu, hata ndizi inajua hilo. Hakiumi. Juzi Jovina alinimwagia maji ya moto kwenye unyayo kwa bahati mbaya, kapiga kelele yeye, mie sikusikia kitu. Nilimwambia, umeona uponyaji huo? Kalia kama mtoto, sijui kwa nini.

Mume wako umeshamsemea. Mie niache. Usiniandikie tena mpaka uwe na kauli njema.

Manal


Mtoni
11 Mei 2024, Jumamosi

Dada Manal,

Leo sisalimii kwa urefu. Shikamoo.

Juzi Alhamisi nilikuwa nakaanga samaki, mafuta yakaniruka kwenye kifundo cha mkono. Yalaa! nilipiga ukelele mpaka mama mkwe kaja mbio na goti lake. Nikaanza kulia. Nililia tangu adhuhuri mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mkono uliuma, na ulipouma nikamkumbuka Abdulsamad, namna alivyokuwa anasema "pole pole, mke wangu, mafuta hayana adabu." Siku tisini na tatu nilikuwa sisikii kitu na nilidhani ndiyo nafuu.

Leo asubuhi nilitaka kitambaa laini cha kufungia mkono, nikakumbuka ule mtandio uliozungushia viatu. Nikavuta mfuko chini ya kitanda. Dada, kiatu cha kushoto ndani kisafi. Nikaingiza mkono kwenye cha kulia. Kuna pamba imegandia kwenye ngozi. Niliivuta ikatoka na usaha uliokauka, wa manjano na mweusi. Nikainusa. Juu udi. Chini ya udi, chumba cha mama.

Viatu hivyo vimelala chini ya kitanda changu mwezi mzima kasoro siku mbili. Nilivilalia. Ningefungua siku vilipofika ningejua siku ile. Sikufungua kwa sababu sikuwa na hamu na kitu chochote duniani. Hilo langu, sikutupii wewe.

Sasa nasema, na kama kusema kunaua basi nimeshakuwa muuaji kitambo. Mguu wako unaoza. Haukauki, unaoza. Hauumi kwa sababu umekufa. Ukingoja uume utangoja kaburini. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hicho mie sitaki kukiitia watu.

Nilikwenda kwa mama mkwe nikamwomba simu yangu. Hakuuliza. Nimekupigia mara sita hukupokea. Nikampigia Jovina, kasema mlango wa sebuleni umeufunga kwa ndani na unamwambia unapona. Nikakaa chini hapo hapo sakafuni, nikamwambia mama mkwe kila kitu. Nikamwambia na lile lingine ambalo hatujawahi kulitaja humu ndani: kwamba nilimwua mwanawe kwa mdomo.

Mama mkwe, Bi Khulud, akanitazama. Unamjua asivyo na haraka. Akasema, "Kama maneno yangekuwa yanaua, baba mkwe wako angekufa mwaka ule ule tuliooana. Nilimuombea mauti kila Ijumaa. Kaishi miaka sabini na nane." Kisha akasema, "Nyanyuka. Mwinjuma yuko wapi?"

Nikafikiria jambo moja wakati anafunga ushungi. Ule ufa niliuona, dada. Nilisema utaanguka, halafu nikaingia jikoni. Sikuishika ngazi. Sikumwita mtu aishike. Niliona nimeshafanya kazi yangu kwa kusema. Na wewe unasema kinakauka, halafu unakaa kitini, unaona umeshafanya kazi yako kwa kusema. Mie na shari yangu, wewe na kheri yako, sote tumekaa.

Basi leo naishika. Kenta inakuja tupu. Mwinjuma hatapakia mfuko hata mmoja mpaka akupakie wewe. Mie eda imenifunga, lakini mama mkwe amepanda mbele, na goti lake, na thermosi ya chai, na anasema ukikataa kufungua mlango atakaa kibarazani kwako awasomee majirani barua hii kwa sauti. Anaweza. Jovina atakwenda nawe hospitali, ameshaomba ruhusa shuleni. Chukua kadi ya bima, nguo mbili na kandambili moja.

Nakupenda. Unichukie ukiwa hai.

Samiha


Wodi ya wanawake, kitanda cha tisa
2 Juni 2024

Mdogo wangu Samiha,

Waalaykumu salaam. Marhaba.

Nawaf amekuja, yupo hapa kwa wiki mbili. Sikumwambia chochote tangu Februari, kwa hiyo amekuja na hasira zake na maua ya plastiki. Mama mkwe wako alikuja jana tena. Kaleta uji, kakaa, kasinzia kitini, kaondoka. Ni mgeni mzuri, haniambii nitapona.

Nilifungua mlango, kama ulivyosikia. Si kwa sababu ya barua yako. Bi Khulud alikuwa ameshafika mstari wa tatu na mama wa genge ameacha kupima nyanya.

Nitakueleza kwa maneno ya kawaida, uliyataka. Tulifika siku ile ile kabla ya magharibi. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Jovina. Akafungua bandeji, akaniuliza, "Mama, kiliacha kuuma lini?" Nikamjibu kwa furaha, tangu Machi. Akaweka kalamu chini. Akaniambia sukari iliua mishipa ya kuhisi kwanza, nikawa natembelea kidonda bila kujua, kila siku, nyumba nzima, na kumwagiwa maji ya moto. Nikamuuliza, ningekuja Machi? Akasema labda kidole kimoja. Aprili? Akasema labda nusu ya unyayo. Nikaacha kumuuliza miezi.

Tarehe kumi na nne Mei walikata mguu wa kulia, chini ya goti.

Nilingoja nilie, sijalia. Nalitazama shuka lilivyolala, upande mmoja una mguu upande mwingine una godoro. Wananiambia nina moyo. Sasa najua ulichokuwa unaniandikia Februari, mie nikakujibu kwa kioo.

Wiki iliyopita niliandika kwenye Kauli Njema. Niliandika, "Dada zangu, naumwa. Nimekatwa mguu." Kwa mkono wangu mwenyewe, mie niliyetunga ile sheria. Wakaniondoa. Siku tatu zimepita, hawajanirudisha. Sikuwalaumu, nimewaondoa wenzao wangapi? Lakini watano wameniandikia pembeni, mmoja mmoja, bila wengine kujua. Mmoja ana uvimbe tangu mwaka jana. Alikuwa anaandika napona kila asubuhi, na mie nilikuwa namwekea moyo mwekundu. Nimemwambia aje hapa Jumatatu, nimempa jina la yule daktari. Nimemwambia asipokuja nitamtuma Bi Khulud.

Sijui kama ningesikia ungesema mapema. Labda ningefunga mlango mapema. Lakini ulikuwa na mdomo, nami ndiye niliyekuziba, chumbani, siku ya tatu, mume wako hata udongo haujakauka. Neno lako halikumwangusha shemeji. Ngazi ilikuwa na ufa. Nilikosea, nisamehe. Na ulivyosema kuwa hukuishika, hilo sina la kukufariji nalo. Mie nami sikuushika mguu wangu.

Daktari anasema mwili bado una sukari nyingi na mguu wa kushoto lazima utazamwe kila siku, mpaka katikati ya vidole, na mtu mwenye macho ya kutafuta baya. Nimemwambia ninaye. Wataniruhusu tarehe kumi na nne mwezi huu. Wewe unatoka eda tarehe kumi na tatu. Jovina kasema atatupisha chumba chake kikubwa, ukitaka kukaa nami muda. Ukitaka. Njoo na jicho lako lile la shimo kabla ya njia. Ukiona kitu sema, halafu usiende jikoni.

Salaam kwa wote. Mwambie Mwinjuma siti ya kenta niliichafua, anisamehe.

Na vile viatu, Samiha. Cha kulia kitupe. Cha kushoto nirudishie.

Dada yako,
Manal